Darubini ya bei nafuu huchaguliwa moja moja

Darubini mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, boksi zimefanana hadi stika, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa ukizielekeza kwenye nyota. Hilo ndilo somo la kwanza la darubini za bei ya chini. Kwenye bei ya juu, sehemu ya pesa inalipia ukaguzi: kila kipande kimepimwa kabla ya kutoka kiwandani. Kwenye bei ya chini, ukaguzi huo ameachiwa mnunuzi. Kwa hiyo swali la "ninunue aina gani?" lina uzito mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Kazi kubwa ni kujua kukikagua kipande kilicho mkononi, palepale dukani, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa. Maduka mengi ya Nairobi yana kibao ukutani kinachosema mali ikiuzwa hairudishwi, na wanamaanisha.

Hapa nazungumzia darubini za macho mawili, zile za kushika kwa mikono, kwa mtu mwenye bajeti ya shilingi elfu tano hadi elfu kumi na tano hivi anayetaka kutazama anga. Kwa pesa hiyo zipo pia teleskopu ndogo za plastiki zenye miguu mitatu. Achana nazo. Miguu inatikisika, picha inacheza, mtu anakata tamaa. Darubini nzuri ya mikono itakuonyesha mengi zaidi, na mchana utaitumia kwa ndege.

Anza na namba mbili zilizoandikwa kwenye mwili wake. 10x50 maana yake inakuza mara 10 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni: 10x50 inatoa milimita 5, 8x40 vilevile 5, 7x50 inatoa 7 na kidogo, na 20x50 inatoa 2.5 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na umri ukisonga hupungua. Vitabu vingi vya zamani huisifu 7x50 kwa sababu hiyo, na porini vinasema kweli. Lakini ukiwa juu ya paa mtaani Pipeline au Kasarani, Nairobi, na mulika mwizi (ile taa ya mlingoti mrefu) imesimama mtaa wa pili, mboni haifunguki yote hata kwa kijana wa miaka 18. Mwanga wa ziada wa 7x50 unaangukia nje ya mboni na kupotea. Tena mwanga wa jiji huwa umetapakaa angani, na ukikuza zaidi kidogo, anga nyuma ya nyota linaonekana jeusi zaidi. Kwa mkazi wa jiji mwenye mikono tulivu, naona 10x50 ndiyo yenye faida. Kwa mtoto, au mtu ambaye mikono yake inatetemeka, 8x40 au 8x42.

Kuna aina za kurudisha kabatini bila kuzipima. Zile za kuvuta karibu na mbali, 10-30x50 na wenzake: uwanja wa kuona ni mwembamba, picha ni hafifu, na mabomba mawili hupoteza ulinganifu unaposogeza kiwango cha ukuzaji. Zile zisizo na gurudumu la kufokasi: nyota inahitaji fokasi kamili, na hapo huna la kuzungusha. Zenye lenzi nyekundu zinazong'aa: utando ule (mpako mwembamba juu ya kioo) unarudisha mwanga mwekundu nje na kukuachia picha yenye ukijani, hausaidii lolote usiku. Na zile ndogo za kukunja zilizoandikwa 30x60 au zaidi. Chukua rula, pima lenzi ya mbele. Ikiwa ni milimita 22, basi ile 60 haina maana yoyote, na mtu aliyedanganya kwenye namba ya pili hakuona haya kwenye ya kwanza.

Hata darubini yenye namba za kweli inaweza kuwa imebanwa ndani. Ni desturi ya viwanda vya bei rahisi kuweka lenzi ya milimita 50 mbele, kisha prizimu ndogo nyuma yake (vipande vya kioo vinavyopinda njia ya mwanga ndani ya bomba) ambazo haziwezi kupitisha mwanga wote. Unabeba uzito wa 50 na kuona kama 42. Kuijua hila hii unahitaji tochi ya simu, karatasi nyeupe na rula. Kwanza fokasi kitu cha mbali, jengo lolote lililo nje ya dirisha. Kisha shika simu tochi ikiwa imewaka, sentimita 20 hivi nyuma ya lenzi ya jicho, ili mwanga upite kinyumenyume utokee mbele. Weka karatasi karibu na lenzi ya mbele: utaona duara la mwanga. Lipime. Likiwa milimita 48 hadi 50, darubini ni mkweli. Likiwa 42, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, kwa sababu kinachohesabiwa ni eneo la duara, na eneo hushuka haraka kuliko upana. Darubini ya 42 inaweza kuwa na thamani bado, ila lipa bei ya 42. Pima mabomba yote mawili. Nimeona tofauti kati ya kushoto na kulia kwenye kipande kimoja.

Baada ya hapo ishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono, ielekeze kwenye ukuta mweupe au anga la mchana (mbali kabisa na jua). Katika kila lenzi ya jicho kuna duara dogo la mwanga. Likiwa mviringo safi lenye mwanga sawa hadi ukingoni, prizimu ni nzuri. Likiwa na pande nne kama almasi, na vivuli vya kijivu pembeni, prizimu ni za kioo cha daraja la chini, aina ya BK7. Kioo cha BaK-4 hutoa duara kamili. Boksi linaweza kuandikwa BaK-4 na duara likasema vingine, na hapo amini duara.

Utando wa lenzi nao unaukagua kwa taa ya dari. Iinamishe darubini chini ya taa nyeupe, tazama taswira za taa ndani ya lenzi ya mbele. Utaziona kadhaa, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikitoka kwenye uso mmoja wa kioo. Zikiwa hafifu na zenye rangi ya kijani au zambarau, kuna utando wa tabaka nyingi. Ikiwepo moja nyeupe inayong'aa sana, uso huo hauna utando. Rudia upande wa jicho. Jambo hili lina hesabu yake: uso wa kioo mtupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na bomba moja la darubini lina nyuso kama 10 au zaidi. Nyuso 10 tupu zinakula theluthi nzima ya mwanga, na mwanga unaoliwa haupotei kimya. Unazunguka ndani ya bomba na kuwa ukungu mweupe juu ya picha. Mwezi ukiwa karibu na uwanja wako wa kuona, au taa ya barabarani ikiwa pembeni, utaujua ukungu huo vizuri.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, linalofanya darubini irudishwe kabatini baada ya wiki mbili na mwenyewe asijue kwa nini. Mabomba mawili lazima yaangalie mahali pamoja. Yakiachana kidogo, ubongo unajaribu kuziunganisha picha kwa nguvu, na unaweza. Kwa dakika tano za dukani hutahisi kitu. Baada ya dakika kumi za nyota, kichwa kinauma, macho yanachoka, unafikiri labda unahitaji miwani. Macho yetu yanaweza kusogea ndani kwa urahisi, kwa sababu ndivyo tunavyosoma. Kuachana kwa nje yanastahimili kidogo. Kwenda moja juu na jingine chini, karibu hayawezi kabisa. Kwa hiyo kosa la juu na chini ndilo la kuwindwa.

Simama mlangoni mwa duka, tafuta mstari wa mlalo ulio mbali: ukingo wa paa la ghorofa mita mia kadhaa mbele, au waya wa umeme. Egemeza viwiko mahali pagumu, uone mstari vizuri kwa macho mawili. Halafu rudisha kichwa nyuma polepole, darubini ikibaki palepale, hadi macho yawe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye lenzi. Sasa badala ya duara moja unaona mawili, na ubongo umeacha kuyaunganisha. Mstari wa paa unapaswa kupita kwenye maduara yote kwa kimo kimoja. Ukikatika, kushoto uko katikati na kulia umepanda, mwambie muuzaji akuletee nyingine. Huu ndio wakati wa kuomba vipande vitatu vya aina ileile. Muuzaji anaweza kununa, lakini hujamkosea, na mara nyingi katika vitatu kimoja ni kizuri waziwazi.

Usiku kipimo ni kikali zaidi. Elekeza kwenye nyota moja angavu, ifokasi, kisha zungusha pete ya dayopta, ile inayofokasi jicho la kulia peke yake, hadi upande huo uwe duara pana lenye ukungu. Nukta kali ya jicho la kushoto inapaswa kukaa katikati ya duara. Hukumu kwa mtazamo wa kwanza, ndani ya sekunde moja, kwa sababu macho huanza kuzivuta picha pamoja papo hapo. Ikikaa kando kidogo, kushoto au kulia, inavumilika. Ikikaa juu au chini ya duara, haifai.

Chanzo cha ubaya huu ni prizimu kushikiliwa kwa gundi au kibati chepesi ndani ya mwili wa plastiki. Boksi likianguka mara moja safarini, prizimu inasogea kiasi kisichoonekana kwa macho, na hicho kiasi kinatosha. Ndiyo sababu pia darubini zilizonyooka, zile ambazo lenzi ya mbele na ya jicho ziko kwenye mstari mmoja, si chaguo zuri kwa bei hii. Prizimu zake zinahitaji usahihi mkubwa zaidi na utando maalumu ili zitoe picha sawa na ile ya darubini pana yenye mabega. Kwa pesa kidogo, yenye mabega ndiyo inayotengenezeka vizuri.

Mambo ya mwili wenyewe yapite haraka. Fungua na funga bawaba ya katikati: iwe nzito kiasi cha kukaa pale unapoiacha. Fokasi kitu, kisha bonyeza lenzi moja ya jicho kwa kidole, kwa nguvu ileile ambayo uso wako utaibonyeza. Picha ikitoka kwenye fokasi, daraja linaloshika lenzi za jicho linayumba, na usiku utakuwa unafokasi upya kila unaposogeza uso. Zungusha gurudumu mwisho hadi mwisho usikilize kama kuna mahali panaponata. Mvaa miwani aangalie na miwani yake, kifuniko cha mpira kikiwa kimekunjwa: akiona duara lote hadi ukingo, sawa, akiona katikati tu, darubini hiyo si yake, au aivue miwani. Tatizo la kuona karibu au mbali gurudumu litalirekebisha. Astigmatizimu (jicho lisilo mviringo sawasawa) halitairekebisha. Mwisho, tazama mbele ya bawaba, mahali mabomba yanapokutana. Kuna kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunguka kwa kuzungusha, na ndani yake tundu la skrubu la robo inchi. Hilo ndilo litakalopokea kishikizo cha umbo la L cha kuiweka kwenye tripodi. Darubini nyingi za milimita 50 zinalo, ila si zote, na ukilikosa leo utalitaka mwakani.

Usielekeze darubini kwenye jua, hata kwa nusu sekunde, hata likiwa nyuma ya wingu jepesi au limekaribia kuzama. Jicho linaungua bila maumivu na halirudi. Wanaotafuta mwezi mwandamo jioni wangoje jua lizame kabisa, duara lote, ndipo waiinue. Baada ya hapo darubini ni msaada mkubwa. Huku kwetu karibu na ikweta hilali huwa imelala kama mtumbwi, na katika 10x50 sehemu yake yenye giza inaonekana pia, imeangazwa na mwanga unaotoka duniani.

Usiku wa kwanza, kabla ya kutafuta chochote, weka fokasi sawasawa. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, zungusha gurudumu la katikati hadi nyota iwe nukta ndogo iwezekanavyo kwa jicho la kushoto. Hamisha kiganja upande wa kushoto, usiguse gurudumu, zungusha dayopta hadi jicho la kulia nalo lipate nukta. Weka alama ya rangi ya kucha pale dayopta iliposimama. Haitabadilika tena kwako, ila kila atakayeazima darubini ataigeuza.

Nyota ni mtihani mkali kuliko kitu chochote cha mchana. Iweke nyota angavu katikati: iwe nukta. Ikitoa miale, usiilaumu darubini mara moja. Inamisha kichwa pamoja na darubini, kisha inamisha kichwa ukiwa huna darubini. Miale ikigeuka na kichwa hata kwa macho matupu, ni macho yako. Sogeza nyota polepole kuelekea ukingoni. Mahali fulani itaanza kuvimba, halafu kuwa na umbo la mkia au ndege mwenye mabawa. Darubini ya bei hii haitakuwa kali hadi ukingoni, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Theluthi mbili za katikati zikiwa kali, umepata kitu. Nusu tu ikiwa kali, endelea kutafuta. Mshtarii ni mtihani mwingine mzuri: ukiwa umetulia, 10x50 inaonyesha miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, kama nukta zilizojipanga kwenye mstari mmoja na sayari. Pete za Zohali usizitegemee, zinahitaji kukuza mara 25 au zaidi. Katika mara 10 sayari inaonekana imerefuka kidogo tu. Kuanzia Julai hadi Oktoba, upande wa kaskazini, kuna nyota pacha iitwayo Albireo, moja ya dhahabu na nyingine ya samawati, zimeachana kwa sekunde 34 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja). Darubini ya 10x50 iliyoegemezwa vizuri inazitenganisha. Ikishindwa nawe huna mtetemo, lenzi ni dhaifu.

Mtetemo wenyewe unazuilika. Shika mabomba karibu na mwisho wa mbele, si karibu na uso, na bana viwiko kwenye mbavu. Kwetu kuna jambo la ziada: tuko latitudo ya nyuzi 1.3 kusini, na mwezi, sayari, na makundi ya nyota ya Jabari na Nge hupita karibu na utosi. Tripodi ya kawaida haikusaidii hapo, kwani huwezi kuinama chini yake. Mkeka na mto juu ya zege la paa, au kiti cha kuegemea nyuma, mikono ikiungwa mkono na mito, ndiyo stendi bora ya anga la ikweta. Tripodi ni ya vitu vilivyo chini ya nyuzi 60. Ukiwa na mulika mwizi jirani, jifunike leso kichwani pamoja na sehemu ya nyuma ya darubini. Mwanga wa pembeni ukizuiwa, dakika 20 zinatosha macho kuzoea giza, mradi simu ibaki mfukoni.

Kabla ya kupanda paani mwambie keateka, na soja wa zamu pia. Mtu aliyesimama juu ya ghorofa usiku na darubini hana maelezo mafupi mbele ya jirani aliyesahau kufunga pazia. Chagua kona inayotazama anga wazi, usiiinue darubini chini ya kimo cha mapaa.

Mahali unapokaa Nairobi pana uzito kuliko watu wanavyofikiri, na si kwa sababu ya giza tu. Mkazi wa Ruiru au Juja ana mng'ao wa jiji upande wa kusini, kwa hiyo Msalaba wa Kusini kwake umezama kwenye rangi ya machungwa; lakini kaskazini yake ni nzuri, na Dubu Mkubwa yuko huko kuanzia Aprili. Mkazi wa Rongai, Kiserian au Kitengela ana bahati ya upande mwingine, jiji liko nyuma yake. Ukiteremka zaidi kwenye barabara ya Magadi, hadi Olorgesailie, kusini yote ni giza na Msalaba unasimama juu ya ardhi isiyo na taa. Julai na Agosti, wakati Nairobi imefunikwa na wingu la baridi wiki baada ya wiki, chini kule bondeni mara nyingi anga huwa wazi.

Januari na Februari ndiyo miezi ya kuanzia, mvua za vuli zimeisha na za masika hazijafika. Jabari yuko juu, na chini ya nyota tatu za mkanda wake kuna wingu la gesi ambalo hata kutoka South B linaonekana kama ukungu uliozunguka nyota chache. Kilimia kwa macho matupu jijini kina nyota tano au sita. Ndani ya darubini ni makumi, na kinaingia chote uwanjani na nafasi kubaki. Mwisho wa Aprili kinazama muda mfupi baada ya jua, ndipo pale penye methali ya pwani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mei saa tatu usiku Msalaba umesimama wima, kimo cha nyuzi 30 hivi, ukipata usiku mmoja bila mawingu. Magharibi yake kuna wingu la Karina, ambalo watu wa Ulaya hawalioni kabisa kutoka kwao. Juni ni zamu ya Omega Centauri. Zipo nyota mbili angavu mashariki mwa Msalaba. Ichukue iliyo karibu zaidi na Msalaba, panda kaskazini hadi nyota ya wastani iliyo juu yake, endelea umbali uleule tena, utakuta mpira wa ukungu wenye kiini kinachong'aa. Ni mamilioni ya nyota, na mwanga wake umesafiri miaka elfu 17 hivi. Jijini darubini iliyobanwa hadi 42 itauonyesha kwa shida, na ya 50 ya kweli itauonyesha mara moja. Novemba, kaskazini, galaksi ya Andromeda: doa refu hafifu, na jijini unahitaji usiku uliooshwa na mvua mchana.

Mitumba nayo isidharauliwe. Masokoni Gikomba na Toi huingia mara mojamoja darubini za chuma za Japani za miaka ya nyuma, zenye herufi JB au JE na namba karibu na bawaba, alama za watengenezaji wa wakati huo. Utando wake ni wa tabaka moja, lakini kioo na chuma ni vya kudumu. Vipimo ni vilevile, pamoja na kimoja zaidi: mulika tochi kutoka mbele, uangalie ndani kwa pembe. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula utando wa lenzi, haifutiki ikaisha. Ukungu laini uliotanda sawasawa ni mafuta ya zamani yaliyoyeyuka, fundi wa kamera anaweza kuyasafisha. Mabomba yakiwa yameachana, chini ya ngozi ya mpira karibu na prizimu aina nyingi zina skrubu ndogo za kurekebisha. Fundi anayezijua atazungusha sehemu ya nane ya mzunguko, ataangalia, atazungusha tena. Anayetaka kufungua bomba zima kwanza, mnyang'anye darubini yako kwa adabu.

Kuvu huota pia kwenye darubini mpya, hasa Aprili na Mei, ikifungiwa ndani ya pochi yake ikiwa na umande. Baada ya usiku wa baridi iache mezani hadi ikauke, vifuniko vikiwa wazi, ndipo uiweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Vikaushe tena juani kila baada ya wiki chache. Lenzi usiifute na shati. Pulizia vumbi kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha kitambaa cha miwani chenye tone moja la maji ya kusafishia lenzi, ukitoka katikati kwenda nje. Darubini nyingi zilizofifia mitumbani hazikuharibiwa na umri. Ziliharibiwa na ncha ya shati na vumbi la Nairobi.